Tisini na Tisa Yangu

Hapa Dzaleka, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, kila mtu ana hamu, na karibu wote hamu yao ni moja. Wanataka ndege. Asubuhi wanaenda kuangalia karatasi zilizobandikwa ukutani, kama Kanada imeita, kama Australia imeita, kama jina limetoka au bado limekwama. Siwacheki. Jina langu nami liko humo, limezeeka kwenye foleni kabla yangu. Lakini mtu akiniuliza, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu na sasa kitukuu, ni kitu gani kinachonikereketa tumboni kwa kukitamani, simwambii ndege. Namwambia: tisini na tisa.

Wanafikiri akili imeanza kuvuja. Jirani yangu Mrundi, mama mwenye huruma, alinishika mkono akaniuliza kama ni miaka ninayotaka kufikisha.

Ni ya gofu, mama. Ya gofu.

Gofu ni hivi. Una mpira mdogo kama yai la kanga, mgumu kama jiwe, na fimbo za chuma za kuupigia. Kuna mashimo kumi na nane yametawanyika kwenye majani mapana kuliko mtaa mzima wa Mchesi. Unautumbukiza mpira shimo kwa shimo, na kila ukiupiga unahesabu. Mwisho wa safari, aliyepiga mara chache njo mshindi. Michezo mingine yote watu wanatafuta kuongeza, huu wanatafuta kupunguza. Niliposikia hivyo nilisema, basi huu ni wetu, siye tunajua kupungukiwa.

Wanaojua wanazunguka uwanja wote kwa sabini na kitu. Lakini mtu aliyeanza na meno yameshatoka mengine, kama mimi, ukuta wake ni mia. Ukipiga mia, uko nje ya ukuta. Ukipiga tisini na tisa, umeingia.

Nilikuja Malawi kutoka Bukavu na binti yangu na watoto wake, miaka ile mwanzoni mwa elfu mbili. Kule nilikuwa nauza vitenge. Shule niliiacha darasa la tatu, mama alipozaa mapacha na akakosa wa kumbebea mmoja. Tulikaa Dzaleka kwanza, kisha tukashuka Lilongwe kama wengi walivyoshuka, tukapanga vyumba viwili Mchesi. Binti yangu akaweka cherehani barazani. Mimi nikapata kazi ya kufua mataulo kwenye klabu moja ya gofu mjini. Sitaitaja. Nilifua, nikaanika, nikapiga pasi, na dirisha la chumba cha pasi lilikuwa linatazama pale wanapoanzia kupiga. Mwaka mzima niliwaangalia mabwana wakijikunja na kukasirika. Mwanaume wa benki, tai yake ya hariri, anatukana jani. Nikajiuliza, kuna nini huko?

Mama mmoja mwanachama, mjane, alipokuwa anarudi kwao aliniachia mfuko wenye fimbo tano na viatu vya raba vilivyonitosha nikiweka kitambaa kwenye vidole. Alidhani nitauza. Hata mimi nilidhani nitauza.

Jumatatu asubuhi mabwana hawachezi, uwanja unapumzika, na wafanyakazi wanaruhusiwa kuingia. Wengi walikuwa ni wanaume wanaobeba mifuko ya wachezaji. Mwanamke nilikuwa mimi peke yangu, na mzee pia nilikuwa mimi peke yangu. Waliniita agogo, yaani bibi, kama Wamalawi wanavyomwita kila mtu aliyezeeka kwa heshima. Mkubwa wao, baba wa watoto watano, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, njo aliyenifundisha. Tuliongea Kichewa, mimi nikiking'oa kama muhogo, neno moja na udongo wake.

"Agogo, musilime," aliniambia siku ya kwanza, kwa wingi wa heshima, maana nilikuwa nimechimba handaki. "Fyekeni. Mumewahi kufyeka majani?"

Nimefyeka maisha yangu yote. Nikashika ile fimbo kama ninavyoshika fyekeo, nikaupitia ule mpira bila kuukasirikia, ukaondoka. Haukwenda mbali. Lakini ulikwenda sawa, ukilia hewani kama nyuki, na mimi nikabaki mdomo wazi. Sijui nikueleze vipi. Kitu kilichotoka kwangu kilikwenda pale nilipokitaka kiende. Kwa miaka mingi hakuna kilichokuwa kimefanya hivyo.

Nilicheza na kitenge changu kiunoni. Wanaume walicheka, wakasema nivae suruali. Lakini kitenge kikifungwa vizuri hakikuruhusu kuzungusha kiuno kama mlevi wa harusi, kinakushika, mpira unanyooka. Wao wenye suruali mipira yao ilikwenda mtoni. Na hesabu yangu niliiweka kwa maharagwe: mfuko wa kulia umejaa, kila nikipiga nahamisha harage moja kwenda mfuko wa kushoto. Mwisho tunayamwaga mezani, tunahesabu pamoja. Hakuna aliyewahi kunibishia maharagwe.

Pale kuna desturi ya wabeba mifuko wenyewe. Aliyeshuka chini ya mia anatoka wa kwanza, asubuhi, umande ukiwa bado mzito, na mpira wake ukibingirika unaacha mstari mweusi kwenye majani meupe. Ambaye hajashuka anaitwa mlimi. Anatoka nyuma ya wote, jua limeshapanda, umande umekwisha, na kazi yake ni kujaza mchanga kwenye vishimo vyote vilivyochimbwa, vyake na vya waliotangulia. Na kushuka huko huwezi kujitangazia. Yule uliyecheza naye njo anakusemea, kwa sauti, mbele ya mlango wa jikoni, ili wapishi na wote wasikie.

Mimi nilikuwa mlimi. Kila Jumatatu nilisimama na ndoo ya mchanga nikiangalia ile mistari ya wengine kwenye umande inavyokauka, mmoja mmoja, hadi inapotea. Nilitaka wangu. Ningetoa jino.

Nyumbani hawakunielewa. Mjukuu wangu wa kwanza wa kike, aliyekuwa anasoma sekondari na mwenye ulimi mrefu kama wangu, alikuwa ananingoja mlangoni.

"Koko, leo umepiga mara ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili."

"Eh! Hiyo haiko mchezo, hiyo ni kazi ya shamba. Balikulipa?"

Na binti yangu juu ya cherehani, pini mdomoni: "Mama, bantu ba kanisa banasema unazungukaka na bazungu mu majani."

"Uwaambie Jumatatu bazungu habako. Njo siku minaendaka."

Hata pasta alipohubiri juu ya mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja, mjukuu alinigusa kiwiko kanisani. "Koko, ye anatafuta moja. Weye unatafuta zile zingine zote." Tukatolewa macho na kwaya nzima.

Nilikuja kushuka polepole. Mia na nane. Mia na nne. Kisha nikakwama kwenye mia na moja, mia na mbili, mia na moja, kama mbuzi aliyefungwa kamba, anazunguka mti, hafiki kwenye mahindi. Nilikuwa nafua mataulo mikono inatembea yenyewe na kichwa kiko kwenye shimo la tano. Nikipika nsima nilikuwa nasimama na mwiko nikiupitisha hewani. Binti yangu alisema nimerogwa. Labda.

Sasa niseme ile siku.

Ilikuwa Jumatatu ya baridi, baada ya mavuno. Nilicheza na yule mkubwa wa wabeba mifuko. Yeye alikuwa ameshuka chini ya mia tangu ujana, lakini alipenda kutoka nyuma pamoja nami, alisema nina maneno. Siku hiyo sikuwa na maneno. Kila kitu kilikwenda. Mpira uliogonga mti ulirudi njiani. Uliokwenda mtoni uliruka jiwe ukavuka. Kufika shimo la kumi na nane mfuko wangu wa kulia ulikuwa umebaki mwepesi lakini si mtupu, na yeye alikuwa anahesabu kimya kimya, niliona midomo yake.

Shimo la kumi na nane liko mbele ya jikoni. Sijui nani aliwaambia. Wapishi walikuwa wametoka na aproni zao, wabeba mifuko wote wamekaa kwenye ukingo wa ua, hata mlinzi wa geti ameacha geti. Nilipiga, nikapiga, mpira ukapanda kwenye majani mafupi ya shimo ukabingirika, ukabingirika, ukasimama. Shubiri moja kutoka shimoni. Shubiri, nakuambia, kutoka kidole gumba hadi kidole kidogo cha mkono wangu. Nilikuwa nimepiga mara tisini na nane.

Mimi niko mbali bado, magoti yangu yanapanda kile kilima kwa mazungumzo marefu. Yeye alikuwa ameshamaliza, amesimama karibu na shimo. Na akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa na mama angefanya. Alimwona bibi anakuja, ameshika kiuno, na kitu cha bibi kiko chini. Akainama akakiokota. Akapiga goti kidogo, akanipa ule mpira kwa mikono miwili, uso wote unacheka.

"Tisini na tisa, agogo!" akapaza sauti kuelekea jikoni. "Tisini na tisa! Huu umeingia, nani angeukosa?"

Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele. Mpishi mkuu akapiga sufuria na kijiko. Mlinzi akaanza kucheza.

Na mimi nilifurahi. Furaha ilinipanda kama pilipili hadi machoni. Niliona ile asubuhi ya umande, nikajiona natoka wa kwanza, mstari wangu mweusi kwenye majani. Nilikuwa na ule mpira mkononi, bado una baridi ya majani, na watu wanacheza kwa ajili yangu.

Halafu nikauangalia mkono wangu. Umekingwa. Ulikuwa umekingwa vile vile ninavyoukinga siku ya kugawa unga.

Niseme hili mara moja na sitalirudia. Tangu nivuke ziwa kutoka kwetu, kila kitu nilicho nacho nimepewa. Unga nimepewa. Blanketi nimepewa, sabuni, ndoo, bati la juu ya kichwa. Hata kuwa mimi ni mimi nimepewa, kwenye kipande cha karatasi chenye picha. Nilishukuru na bado nashukuru, sina kiburi cha kutemea mate chakula. Lakini ile namba sikutaka kupewa. Kitu kimoja tu. Kimoja.

"Rudisha," nikamwambia.

"Agogo?"

"Mpira. Urudishe pale ulipokuwa."

Vigelegele vikakatika vipande vipande. "Agogo, mpira wa karibu hivi hata mabwana wanapeana, unahesabiwa umeingia," akasema kwa sauti ndogo. "Hata Jumamosi, na kadi zao za hesabu. Mbele yangu wanapeana."

"Mabwana wapeane. Mimi rudishia chini."

Alibadilika rangi. Sheria anaijua: mpira ukiinuliwa na mwenzako unarudishwa mahali pake, hupotezi kitu. Akapiga magoti, akatafuta kwa kidole pale majani yalipolala, akauweka. Mpishi mkuu akasema kwa nguvu, ili nisikie, "Hawa Wakongo, ukiwapa asali wanauliza nyuki yuko wapi."

Nikachukua fimbo fupi ya kusukumia. Shubiri moja. Ningeweza kuupuliza ukaingia. Lakini mikono ilikuwa imelowa, na vile vigelegele vilikuwa bado vinanizunguka masikioni, na pembeni mwa jicho naona aproni nyeupe zimesimama zote. Sikufyeka. Nililima. Mpira ukaenda, ukagusa mdomo wa shimo, ukauzunguka nusu kama mgeni anayeangalia ndani kabla ya kubisha hodi, ukakaa ukingoni.

"Mayo!" mtu akasema.

Nikausukuma ukaingia. Mia moja kamili.

Wapishi walirudi jikoni, mlinzi akarudi getini kwake. Kijana wa kabaza aliyenibeba kwenye baiskeli yake hadi Mchesi aliniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Mjukuu wangu alikuwa na hasira kuliko mimi. "Koko, njo nini sasa? Mtu anakupatia kitu, unarudisha? We mwenyewe njo ulitufundisha: ukipewa, pokea na mikono mbili, sema aksanti."

"Nilikufundisha juu ya chakula."

"Ulisema juu ya kila kitu!"

Nilisema juu ya kila kitu. Kweli nilisema. Nikamwambia akateke maji.

Jumapili yule mkubwa wa wabeba mifuko alikuja Mchesi na mke wake, wamevaa nguo za kanisani, mke amebeba kuku mwekundu kwapani. Walikaa kwenye mkeka ingawa kulikuwa na viti. Alikuja kuomba msamaha, akasema "pepani" hadi nikaona aibu. Hakulala wiki nzima, mke akasema, anageuka geuka kama samaki kwenye kikaango.

"Ulinikosea nini?" nikamuuliza.

"Niliinua mpira wenu."

"Na kama usingeinua? Ukaniacha mimi, mwanamke wa umri wa mama yako, niiname mbele ya watu wote na we umesimama wima kama mlingoti?"

Akafikiri. "Mungesema sikulelewa."

"Ningesema hivyo. Ningesema hadi Mzuzu."

Mke wake akacheka kwanza. Kisha yeye. Kisha binti yangu akamchinja kuku, tukala wote, maana kuku hana kosa lakini hawezi kurudi nyumbani. Nikamwambia kesho, Jumatatu, naingia chini ya mia, na nitaingia mwenyewe, aandae sauti. Nilisema hivyo nikiwa na hakika. Nilikuwa nimeshauona mlango kwa ndani.

Lakini Jumatatu hiyo binti yangu aliugua malaria. Ile ya baadaye nilipiga mia na tatu, kwa hasira. Halafu tukaambiwa wakimbizi wanaokaa mjini warudi kambini. Hayakuwa mambo ya kujadili. Tulipakia cherehani, sufuria, magodoro na mfuko wangu wa fimbo juu ya lori. Dereva aliziangalia zile fimbo.

"Agogo, hizi za nini?"

"Za kufukuzia mbwa."

Niliona uvivu kumweleza. Lori lilipita karibu na ule uwanja. Ilikuwa mapema, wa kwanza walikuwa wameshatoka, na kutoka juu ya magodoro niliona majani yalivyokuwa meupe, na mistari.

Dzaleka haina majani ya kuchezea gofu. Ina udongo mwekundu na upepo unaoubeba hadi ndani ya chai. Lakini nyuma ya nyumba za mwisho, mahindi yakishavunwa, panabaki uwazi. Nilizika makopo ya nyanya, moja hapa, moja pale, tisa, nikawa nazunguka mara mbili ili yawe kumi na nane. Mbuzi walikuwa wachezaji wenzangu. Watu walinipita wakaniangalia kwa huruma, wengine wakaniombea. Baadaye akina mama wawili watatu wakaja kujaribu, Mrundi jirani yangu mmojawapo, na yeye ana mkono mzito, alitoboa paa la mtu.

Pale Dzaleka nimewahi kupiga themanini na sita. Mjukuu wangu, wakati huo ameshaolewa na tumbo liko mbele, alikuwa amekaa kwenye jiwe ananihesabia. Akaruka juu.

"Koko! Themanini na sita! Umepita! Umepita hata mbali!"

"Hiyo haihesabiwi."

"Juu ya nini?"

"Mashimo ni mafupi. Ukitema mate unafika. Na hakuna mto."

"Koko, hesabu hii, tafazali, tupumuzike."

Sikuhesabu. Mia yangu iko Lilongwe, ina urefu wake, ina miti yake. Siwezi kujichongea mia ndogo nyumbani kisha nikaivuka. Alinuna hadi jioni. Lakini nami usidhani ilikuwa rahisi. Nilitamani kuihesabu kama mtu wa njaa anavyotamani mbegu aliyoitunza.

Miaka ikaenda. Wengine ndege yao ilikuja, tukawasindikiza, tukalia. Mashimo yangu ya makopo yalifukiwa watu walipojenga. Kisha jicho langu la kushoto likaingia ukungu, likawa kama kioo cha bafuni. Kwenye zahanati wakasema linaweza kupasuliwa Lilongwe. Muuguzi akauliza siku gani inanifaa.

"Jumanne," nikasema haraka. "Jumanne asubuhi. Nitaenda Jumatatu nilale kwa rafiki, nisichelewe."

Mjukuu wangu, aliyekuwa anipeleke, alinitazama tu. Na nilipotoka nyumbani na fimbo zimefungwa kwenye mkeka alizibeba yeye. Tulipanda basi la kwanza kabisa.

Klabu ilikuwa na rangi mpya na wapishi wapya. Lakini yule mkubwa wa wabeba mifuko alikuwepo, ndevu zimekuwa unga, sasa ni msimamizi wa uwanja. Aliniona kutoka mbali akavua kofia. Hatukusalimiana sana. Aliangalia ule mkeka, akajua.

"Jicho, agogo?"

"Moja linatosha. We utaniambia mpira umeangukia wapi."

Tulitoka nyuma ya wote. Jua lilikuwa limeshapanda, umande hakuna. Nilipiga na yeye akasema, "Kulia kidogo, karibu na mti," nami nikaenda kulia kidogo karibu na mti, nikaukuta. Jicho moja linaona mbali lakini halikuambii umbali. Shimo la tatu niliingia mchangani, ule mtego wa wachezaji, nikapoteza mbili. La saba nilikosa bila sababu, kwa haraka tu. Lakini kutoka la tisa mwili ukakumbuka, kitenge kikanishika, nikafyeka kama zamani. Mjukuu wangu, aliyekuja amenuna, alianza kutembea karibu. Kwenye la kumi na nne alikuwa anaupigia kelele mpira, "Nenda! Nenda, we mujinga, nenda!"

Tulipofika mbele ya jikoni nilijua kwamba haiwezekani tena. Nilijua tangu la kumi na sita. Mpira ulibaki mdomoni mwa shimo, nikausukuma, ukaingia. Na ukabaki chini, ndani, unangoja kutolewa.

Yeye alikuwa amesimama pale pale, karibu kuliko mimi. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akaishikanisha. Nilianza kuinama. Goti la kulia kwanza, mkono mmoja kwenye fimbo. Ilichukua muda wake. Mpishi mmoja mpya mlangoni akafoka, "Bwana, huna haya? Bibi anainama na wewe unaangalia?" Jasho lilikuwa linamshuka shingoni, na nyuma ya mgongo vidole vyake vilikuwa vinapigana, lakini hakusogea. Niliingiza mkono shimoni nikautoa mpira wangu, nikanyanyuka.

"Ngapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Mia na tatu."

Akageuka kuelekea jikoni. "Mia na tatu!" akatangaza, kwa sauti ile ile aliyotangazia tisini na tisa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wale wapishi wapya hawakujua hata ni ya nini. Nikampa mkono wangu, akaupokea kwa yake miwili.

Jumanne jicho likapasuliwa, Jumatano tukarudi, nimefungwa bendeji nusu ya kichwa. Basi lilijaa mifuko ya mbolea na vifaranga. Mjukuu wangu alikuwa amenikalisha dirishani, upande wa jicho zima.

"Koko."

"Mm."

"Kutoka mia na tatu, haiko mbali. Ulibakisha nne tu."

"Nne."

"Daktari alisema hiyo jicho itaona muzuri. Utapiga hata na mawili." Akahesabu kitu kwa vidole. "Zile mbili za mu mchanga, ukiziondoa..."

"Nimeshaziondoa," nikamwambia. "Zinabaki mbili. Ile ya shimo la saba ilikuwa haraka yangu tu, ile naitoa. Sasa niache nitafute hii nyingine."

Akaniacha. Mashamba yalikuwa yanapita, na mimi nilikuwa kwenye la pili, kisha la kumi na moja pale penye mti mkubwa, naangalia nilivyosimama, naangalia mikono. Moja tu. Ilikuwa lazima iwe mahali fulani.